Mtu wa Pemba katika kisiwa cha kungumanga: siku saba Grenada

Nilikwenda Grenada, nchi ya visiwa huko Karibiani, kwa sababu ya bendera. Zamani, nikiwa bado mwanafunzi Wete, mwalimu wetu wa jiografia alibandika ukutani karatasi ya bendera za dunia, na moja ilikuwa na tunda dogo la njano lililopasuka. Kungumanga. Sikujua kama kuna watu wengine wanaothamini kiungo kiasi cha kukishona kwenye bendera. Kwetu karafuu mbili ziliwahi kukaa kwenye bendera ya Zanzibar ya Desemba 1963, lakini ile ilidumu mwezi mmoja tu. Ile picha haikunitoka. Aprili mwaka jana, mimi na mume wangu tulipopata likizo ya wiki moja huku Uingereza tunakofanya kazi, nikamwambia safari hii ni Grenada.

Nchi nzima, pamoja na visiwa vyake vya Carriacou na Petite Martinique, ina kilomita za mraba 344, yaani kama theluthi ya Pemba. Udogo huo usikudanganye. Katikati yote ni milima, wa juu kabisa ukiwa Mount St. Catherine wenye mita 840, na barabara zinajikunja kama nyoka, kwa hiyo safari inayoonekana fupi kwenye ramani inaweza kukumaliza saa nzima. Magari hupita kushoto kama kwetu. Mabasi yao madogo ni daladala tupu: namba ya njia kwenye kioo, muziki juu, kondakta anakubana upenuni, na ukitaka kushuka unagonga bodi. Tuliyapanda sana mjini na ufukweni Grand Anse, ila ukitaka mashamba na misitu, tafuta gari.

Siku ya kwanza tulikosea. Tulinunua safari ya kikundi kutoka kwa kampuni moja, na bei yake haikuwa ndogo. Kumbe siku ile meli kubwa ya watalii ilikuwa imetia nanga, nasi tukafungwa pamoja na abiria wake. Kila mahali dakika ishirini. Pale Annandale, maporomoko mazuri ya kama mita kumi yanayoangukia kwenye bwawa la kijani, watu walikuwa wengi hata maji yenyewe sikuyasikia. Mtembezaji alikuwa anaangalia saa kuliko alivyotuangalia sisi. Nilirudi hotelini nimechoka na nina hasira, kwa sababu nilikuwa nimesubiri safari ile tangu utotoni. Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu: uliza mapema siku ambazo meli zinafunga bandarini St. George's, mji mkuu, na siku hizo kaa ufukweni au nenda kaskazini.

Siku ya pili tulimkodi dereva wetu wenyewe, mzee mmoja aliyekulia shambani. Kwa watu wawili, bei ya siku nzima ilizidi kidogo tu ile tuliyolipa kwenye kikundi, na kuanzia hapo ndipo safari yetu ilipoanza hasa.

Bustani niliyoipenda kuliko zote ni Laura Herb and Spice Garden, katika parokia ya St. David, upande wa kusini-mashariki. Si bustani ya kupigia picha maua. Ni shamba la viungo na dawa za miti, na kwenye bustani za kule ni desturi kumwaga makaka ya kungumanga njiani badala ya kokoto, hivyo kila ukikanyaga panalia na harufu inapanda. Binti aliyetutembeza alikuwa na mchezo uleule wa watembezaji wa mashamba ya viungo ya Kizimbani, Unguja: anachuma jani, analifikicha, anakunusisha, anakuuliza ni nini. Mdalasini, nikajibu. Mchaichai. Manjano. Karafuu. Alipofika la nne akasimama, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Pemba, Zanzibar, akaniita mwenzake aliyekuwa akipalilia nyuma, wakanipeleka wote wawili kwenye mkarafuu wao. Nikashika gome. Babu yangu alikuwa na mikarafuu kumi na tisa, na mimi mpaka leo nikinusa jani bichi naona jamvi limetandikwa uani na kuku wanafukuzwa.

Jani moja tu lilinishinda. Linafanana na la mkarafuu, harufu yake ni karafuu na si karafuu. Wakanieleza kuwa ni la mti wa asili wa Karibiani, jamaa wa mkarafuu, na majani yake hutiwa kwenye chai ya kakao pamoja na mdalasini na kungumanga. Chai hiyo wakatupa vikombe viwili. Ni nzito, ina mafuta ya kakao yanayoelea juu, na ukiinywa asubuhi huhitaji tena kitu mpaka mchana.

Kutoka hapo nilitaka kuona kungumanga inakokwenda baada ya shamba, na dereva akatupeleka Gouyave, mji wa wavuvi pwani ya magharibi, kwenye kituo cha kutengeneza kungumanga. Kiingilio ni dola chache za huko. (Wanatumia dola ya Karibiani ya Mashariki, ambayo kwa miaka mingi imefungwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Marekani, kwa hiyo hesabu hazisumbui.) Ni jengo kubwa kuukuu, na ndani yake hakuna maonyesho ya kuwafurahisha wageni: watu wako kazini, wewe unapita. Kungumanga zinaletwa na wakulima zikiwa ndani ya makaka yao, zinatandazwa juu ya vitanda vya mbao, zinageuzwa kwa reki, zinakaa hivyo wiki sita mpaka nane. Zikikauka zinapasuliwa, halafu zinatiwa majini. Inayozama ni nzito, ina mafuta, inapanda daraja. Inayoelea inakwenda kukamuliwa. Basibasi, ule utando mwekundu kama damu unaoizunguka kungumanga, huwekwa peke yake kwa miezi mpaka ugeuke rangi ya dhahabu. Mwisho ni magunia, yanayopigwa muhuri wa rangi wenye jina la nchi yanakokwenda.

Lakini kilichonishika ni kinamama wa kuchambua. Wamekaa kwenye viti vya mbao, mbele yao rundo, mikono inakwenda yenyewe huku wanazungumza mambo yao. Nilisimama pale muda mrefu, mume wangu akadhani naumwa. Ule mlio, kitu kidogo kikavu kikidondoka juu ya kikavu kingine, ndio mlio wa bibi yangu na jirani zake wakichambua karafuu usiku, taa ya chemni katikati. Sikutegemea kuusikia tena, wala kuusikilizia ng'ambo ya Atlantiki. Mmoja wao akanipa kungumanga tatu nishike na kuniuliza ipi ni nzuri. Nikazipima mkononi, nikachagua nzito. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na kazi.

Kule mazao haya yanapita kwenye chama cha ushirika cha wakulima wenyewe, kilichoanzishwa 1947. Kwetu karafuu hununuliwa na shirika la serikali. Dereva wetu na mimi tulibishana njia nzima kuhusu upi utaratibu bora kwa mkulima, na kila mmoja alikuwa na malalamiko yake.

Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu Ivan. Tarehe 7 Septemba 2004 kimbunga hicho kilipita juu ya Grenada, na mikungumanga ikalala chini kisiwa kizima. Kabla ya siku ile Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia tu. Mkungumanga si mhogo: unachukua miaka saba au minane kuzaa, na ukiupanda kwa mbegu hujui kama ni dume au jike mpaka uchanue, kwa hiyo unaweza kusubiri miaka yote hiyo ukapata dume. Wazee wengi hawakupanda tena. Wakaenda kwenye kakao na ndizi, vinavyolipa upesi. Halafu Julai 2024 kikaja Beryl, kikaisaga Carriacou na kugonga mashamba ya kaskazini yaliyokuwa yameanza kusimama. Nikamwambia kwamba Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika, na ndiyo maana mpaka leo ukisema karafuu unasema Pemba. Alikuwa hajawahi kusikia kuwa kwetu nako kuliwahi kupigwa hivyo. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: baada ya miaka mingapi mashamba yalirudi?

Mimi ningemshauri yeyote aanze na mashamba haya, kisha ndipo apande msituni. Grand Etang ni hifadhi ya katikati ya kisiwa, yenye ziwa lililojaa ndani ya kreta ya volkano, mita 530 hivi juu ya bahari. Ukungu unashuka ghafla, ziwa linapotea, dakika tano baadaye linarudi. Chukua koti la mvua hata kama pwani jua linawaka. Kuna nyani wadogo wa aina ya mona, walioletwa kutoka Afrika Magharibi enzi za meli za watumwa. Wageni huwaita kwa ndizi kando ya barabara. Mimi sikupenda. Mtu aliyewaona kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja, wakila majani yao bila kujali binadamu atanielewa: mnyama anayengoja ndizi kwenye lami atagongwa na gari siku moja. Tulimuona mmoja tu mbali juani, akajikuna, akaondoka, na hiyo ilitutosha.

Kutoka hapo si mbali na njia ya Seven Sisters. Unapita kwanza kwenye shamba la migomba na mikakao, unapewa fimbo, halafu unateremka kwenye tope. Ilituchukua kama dakika arubaini kufika kwenye mabwawa ya chini, na tulikuwa sita tu. Maji ni baridi kweli. Vaa viatu vyenye meno, si ndala. Hapa ndipo nilipoyasikia yale maji niliyoyakosa Annandale.

Chakula. Chakula chao cha taifa kinaitwa oil down, na mpishi akishaanza kueleza, Mzanzibari atammalizia: shelisheli, tui la nazi, manjano, majani ya majimbi. Vinapangwa tabaka kwa tabaka kwenye sufuria na kuachwa motoni mpaka tui likauke na kubaki mafuta chini, ndiyo asili ya jina. Waislamu muulize kwanza, maana mara nyingi hutiwa mkia wa nguruwe wa chumvi. Sisi tuliagiza siku moja kabla, tukapikiwa kwa samaki wa chumvi. Mshelisheli uliletwa Karibiani 1793 ili kuwalisha watumwa kwa gharama ndogo. Leo wajukuu zao ndio wanaoufanya kuwa chakula cha sherehe, na wanaupika vizuri, ingawa kwa shelisheli la nazi mimi bado niko upande wa mama yangu.

Kuhusu bahari nitasema machache. Molinere kuna sanamu zilizozamishwa na msanii Jason deCaires Taylor tangu 2006, na unaweza kuziona kwa boti yenye sakafu ya kioo au kwa miwani na mrija. Sanamu za watoto 26 wameshikana mikono duara, nyuso zao kwa nje, matumbawe yameanza kuwaota. Wengi huwaona kama Waafrika waliotupwa baharini, japokuwa msanii hakuwakusudia hivyo. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya lile shimo la Mkunazini, Unguja, lenye sanamu za watumwa, hatakuwa na cha kuongeza. Levera, kaskazini, tulikesha kumngoja noa, kasa mkubwa mwenye mgongo wa ngozi. Ni lazima uende na mwongozaji mwenye kibali, kwa taa nyekundu, na kasa hapangiwi saa. Alitoka mmoja saa sita usiku. Alivyovuta pumzi utadhani ni ng'ombe.

Kwa wapenda maua, Hyde Park Tropical Garden iko juu ya mji na inatazama bandari ya St. George's. Unapiga simu kwanza, kwa sababu ni bustani ya nyumba ya watu. Okidi, helikonia, maua ya jamii ya tangawizi marefu kuliko mimi. Ukishaviona utaelewa kwa nini Grenada hurudi na medali za dhahabu kutoka maonyesho ya maua ya Chelsea, London. Tulikaa saa moja. Ingenitosha nusu saa, lakini mume wangu, ambaye nyumbani ananyweshea vyungu vitatu dirishani, alitaka kujua kila jina.

Nenda kati ya Januari na Mei, mvua ikiwa kidogo. Siku saba zinatosha kwa kisiwa kikubwa. Beba fedha taslimu kwa ajili ya vijijini.

Nilirudi na basibasi, makaka kilo moja, na chupa mbili za jamu inayopikwa kwa nyama ya tunda la kungumanga, ile sehemu ya njano ya nje. Chupa moja niliituma kwa mama Wete. Alionja, akanipigia simu, wala hakunisalimia: "Sasa sisi hii tunaitupa kwa nini?" Ana mikungumanga miwili nyuma ya nyumba. Ilipozaa akajaribu mara ya kwanza, ikaungua. Ya pili iliganda, na nilipokwenda mwezi wa nane nikakuta imebaki robo chupa, ameniwekea.