Rejeta Inavuja: Ipi Ununue Ukiwa Dodoma, na Ipi Uiache Dukani

Mwaka juzi nilinunua rejeta, kile kifaa cha mbele kinachopoza maji ya injini, ambayo gari langu halikuihitaji. Nilikuwa natoka Morogoro na Toyota Premio, nilipofika Gairo mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikapaki kivulini, nikangoja ipoe, nikaongeza maji, nikajikokota hivyohivyo mpaka Dodoma. Fundi wa kwanza kufungua boneti akaona majimaji karibu na rejeta, akatamka kuwa imekufa. Nikalipa. Baada ya wiki mbili maji yakapungua tena, na rejeta mpya ilikuwa kavu kabisa. Iliyokuwa inavuja ni wota pampu, ile inayozungusha maji kwenye injini, na mkanda ndio ulikuwa unarusha matone mpaka mbele.

Safari ya pili nilikwenda kwa mzee mmoja fundi rejeta, upande wa Kizota.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gari inachemsha au inavuja?"

"Vyote viwili."

"Kipi kilianza?"

Sikuwa na jibu, na swali lile ndilo lililopaswa kunitangulia dukani. Kama gari lilianza kuvuja, kuchemsha ni matokeo tu. Ziba tundu na ugonjwa umekwisha. Kama lilianza kuchemsha, huenda feni haizunguki au thermostati, ule mlango unaopitisha maji injini ikipata joto, imekwama, na mvujo umekuja baada ya presha kuzidi. Hapo ukinunua rejeta mpya, nayo inaweza kupasuka.

Tafuta tundu kwanza

Jioni gari likiwa limepoa, jaza maji mpaka alama, kisha tandika boksi kubwa jeupe chini ya injini mpaka asubuhi. Tone litakuonyesha upande. Maji masafi yanayodondoka upande wa abiria baada ya kuwasha AC si ugonjwa. Ukikuta ukoko wa rangi ya waridi au kijani kwenye mwili wa wota pampu, ni pampu. Ukoko ukiwa kwenye shingo ya mpira wa maji, angalia klipu kabla ya kulaumu mpira. Zulia la miguuni likilowa na ndani ya gari kukanukia utamutamu, ni rejeta ndogo ya hita. Na kama hakuna tone popote ila maji yanapungua, huku oili imekuwa kama chai ya maziwa au moshi mweupe unatoka hata injini ikiwa ya moto, shughuli iko kwenye gasketi ya silinda hedi, kizibo kilicho chini ya kichwa cha injini. Usinunue rejeta siku hiyo.

Kipimo cha uhakika ni pampu ya presha inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Fundi anapampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wako, halafu mnatazama geji kwa dakika kumi na kuendelea. Ikishuka, mvujo upo, na mara nyingi utauona ukichuruzika hapo hapo. Mimi sasa nachagua gereji kwa kuuliza kama wana kifaa hicho. Na mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto, hata kama fundi ana haraka. Yale maji yanaruka usoni.

Dodoma ina jambo lake. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji matupu huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Injini yenyewe inafanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachotuokoa ni presha: mfuniko wa rejeta wenye namba 1.1 (ndicho kiwango cha presha unachoshikilia) ukishika vizuri, maji yaleyale hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Tundu la sindano tu linaipoteza presha hiyo, na unabaki na nafasi ya nyuzi chache. Ndiyo maana mvujo mdogo unaovumilika mjini unakulaza njiani ukiwa na mzigo, mwezi wa kumi, jua la saa nane.

Sasa rejeta, kwa mpangilio wangu

*Ya kwanza: mpya isiyo orijino.* Kwa gari ndogo za Toyota zilizojaa mji huu, hii ndiyo ningenunua leo. Katikati ni aluminiamu, juu na chini ni matanki ya plastiki. Orijino yenyewe imetengenezwa hivyohivyo, na tofauti ya bei ni kubwa kuliko tofauti ya maisha. Tatizo lake ni kwamba ubora unapishana, kwa hiyo nenda na rejeta yako ya zamani mkononi au angalau namba ya chesisi na jina la injini. Pima unene wa katikati kwa rula. Zipo za milimita 16 na zipo za 26, na muuzaji anaweza kukupa nyembamba kwa bei ya nene. Linganisha vipenyo vya shingo za mipira na pini za kukalia. Gari likiwa otomatiki, hakikisha tanki lina njia mbili za oili ya gia. Rejeta ya gari la manyuo haina. Pitisha kidole kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya katikati: yaliyolala mengi, iache.

Usipoipata maduka ya spea ya hapa, itaagizwa Kariakoo na kuja kwa basi. Ifungue palepale stendi ya Nanenane kabla hujasaini kupokea. Rejeta inaumia njiani kuliko kitu kingine chochote, na mtumaji hatakuamini ukimpigia kesho yake.

*Ya pili: orijino mpya.* Ni nzuri, sina la kuipinga. Nunua kama gari ni la kazi ya safari ndefu, Singida leo, Iringa kesho, na unategemea kukaa nalo miaka mingi.

*Ya tatu: mtumba wa Japani.* Wengi wanaiweka ya kwanza kwa sababu "ni orijino". Ni kweli ni orijino, lakini plastiki yake ina umri sawa na ile iliyopasuka kwako. Tazama tanki la juu, karibu na shingo inayopokea maji ya moto: plastiki iliyogeuka kahawia imeshachoka, hata kama haijapasuka. Kubali mtumba kwa sharti moja, ipimwe presha mbele yako kabla hujatoa hela. Kwa gari la otomatiki mimi siichukui kabisa. Ndani ya tanki mna kipozea cha oili ya gia, na kikitoboka maji na oili vinachanganyika kuwa uji wa waridi unaoua gia boksi. Ufa wa ndani hauonekani kwa macho.

*Ya nne: kuitengeneza ya zamani.* Hapa natenganisha. Kama una Land Cruiser ya zamani au lori lenye rejeta ya shaba, hii inaruka kuwa namba moja: shaba inapokea risasi ya kulehemu vizuri, fundi anafungua, anapiga brashi njia zote, anaziba, na unaendelea miaka. Lakini plastiki iliyopasuka ikipakwa gundi inashika mpaka mlima wa kwanza tu.

*Ya mwisho: dawa ya kuziba ya chupa.* Inaziba tundu, na inaziba pia vijia vyembamba vya rejeta ya hita. Ikae kwenye buti kwa dharura ya porini. Ukiitumia, ukifika nyumbani mfumo mzima usafishwe.

Vitu viwili usivyoondoka dukani bila kuvichukua

Mfuniko mpya, wenye namba ileile ya zamani, iwe 0.9 au 1.1. Usipandishe namba ukidhani unaongeza nguvu, utapasua kilicho dhaifu. Nchi hii watu wanabadili rejeta na kurudisha mfuniko wenye mpira uliokauka, kisha wanashangaa.

Na kulanti, ile dawa ya rangi inayowekwa kwenye maji ya rejeta. Hapa nasema kwa uchungu, maana naona magari yakiharibiwa kila siku kwenye car wash kwa mpira wa bomba. Maji ya visima vya kwetu ni mazito kwa chumvi; tazama kitako cha birika lako. Ukoko ule ule unajijenga ndani ya rejeta mpya. Kulanti ya kuchanganya ichanganywe nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, lakini soma chupa vizuri usije ukachukua asidi. Iliyokwisha kuchanganywa usiiongeze maji. Usimwage nyekundu juu ya kijani bila kuosha mfumo. Rangi peke yake haikuambii aina, kwa hiyo soma kilichoandikwa. Gari la CC 1500 linabeba kama lita 5 hivi. Kitabu chake kitakupa kipimo kamili. Inayobaki ifungwe mbali na watoto na mbwa, kwa sababu ni tamu na ni sumu.

Fundi akikushauri atoe thermostati "gari lipate hewa", kataa. Injini haitafikia joto lake, italamba mafuta, na tatizo litakuwa limefichwa tu. Mwambie atoe hewa kwenye mfumo, mfuniko ukiwa wazi tangu injini ya baridi na hita imefunguliwa mpaka mwisho, hadi mapovu yaishe na feni iwake yenyewe. Asubuhi tatu mfululizo kagua kiwango kabla ya kuwasha.

Rejeta ya zamani ondoka nayo. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapima aluminiamu kwa kilo, na ukiiacha gereji inaweza kuoshwa na kuuzwa kwa mwenzako kama mtumba wa Japani.