Tufe la sentimeta 30 lenye mkono wa chuma: nimelitumia darasani Kigoma

Ukienda kununua tufe la darasani, ule mfano wa dunia wa mviringo, rangi ziache kwanza. Angalia mhimili, yaani mstari wa kutoka ncha hadi ncha ambao tufe linauzungukia. Ramani ya bapa itakuonyesha nchi na bahari vizuri tu, lakini haiwezi kuinama, na majira yote ya mwaka yanatokana na kule kuinama.

Nafundisha Jiografia shule ya msingi hapa Kigoma. Tufe ninalolizungumzia lina kipenyo cha sentimeta 30, ni la plastiki iliyobandikwa karatasi, mkono wake ni wa chuma uliochorwa nyuzi kutoka ikweta hadi kwenye ncha, na kitako ni cha plastiki nyeusi. Nimelinunua Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya shule, kwa Sh 68,000. Lilisafiri kwa basi ndani ya boksi lililojazwa magazeti, likafika bila mkwaruzo.

Muuzaji alitaka nichukue jingine. "Mwalimu, beba hili lenye taa ndani, watoto watalipenda." Lilikuwa linavutia, na milima yake ilikuwa imeinuliwa, unaipapasa kwa kidole. Nikatoa kipimapembe mkobani na kupima: mhimili wake ulikuwa umeinama nyuzi kama 15 tu kutoka wima. Hili la bei nafuu likasoma nyuzi 23 na nusu, sawasawa na dunia yenyewe. Na ile milima ya kupapasa nayo inadanganya. Kwenye tufe la ukubwa huu sentimeta moja ni karibu kilomita 425, kwa hiyo Kilimanjaro, pamoja na mita zake 5,895, ingepaswa kuinuka sehemu ya saba tu ya milimeta. Ya kwenye lile tufe ilikuwa na kimo cha milimeta 3 hivi, yaani zaidi ya kilomita 120 kwenda juu!

Nang'ang'ania mhimili kwa sababu moja. Muulize mtoto wa Tanzania kwa nini kuna majira ya joto na ya baridi, atakujibu kwamba dunia inalisogelea jua halafu inaliacha. Na ushahidi anao. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu na jua kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kilomita milioni 147 hivi, na Januari watu wa pwani wanatokwa jasho. Mwanzoni mwa Julai huwa mbali kabisa, kilomita milioni 152, na ndipo Makete na Njombe wanapoamkia baridi kali. Yaani hapa kwetu jibu lisilo sahihi linaonekana limethibitishwa na ngozi ya mtoto mwenyewe. Kulifuta kwa maneno ni kazi ngumu. Tufe lenye mhimili wa kweli linalifuta ndani ya kipindi kimoja.

Tunaziba madirisha kwa vitenge na kuweka balbu moja isiyo na kifuniko juu ya stuli katikati ya darasa. Nabandika nukta nyekundu Kigoma na ya bluu Stockholm, kule Uswidi, kaskazini mwa Ulaya. Kisha mwanafunzi anabeba tufe na kulizungusha taratibu kuizunguka balbu, kwa sharti moja: ncha ya kaskazini iinamie ukuta wa ubao muda wote, popote atakapofika. Sharti hili lisipozingatiwa somo linaharibika, maana mikono ya watoto hupenda kugeuza kitako ili ncha iielekee taa kila mahali. Dunia haifanyi hivyo. Inalizunguka jua kwa siku 365 na robo huku mhimili wake ukielekea upande uleule.

Mbebaji akisimama mahali ambapo balbu iko kati yake na ubao, ncha ya kaskazini inainamia mwanga: hiyo ni Juni, karibu na tarehe 21. Lizungushe tufe kutoka magharibi kwenda mashariki, nukta ya bluu inakaa mwangani sehemu kubwa ya mzunguko. Akihamia upande wa ubao, ni Desemba. Sasa Stockholm inachungulia mwanga kidogo na kurudi gizani, na ncha yenyewe haipati mwanga hata uzungushe mara ngapi. Nukta nyekundu je? Nusu mwangani, nusu gizani, Juni na Desemba. Hapo ndipo watoto wanaponyamaza na kuanza kufikiri, kwa sababu Januari, dunia ikiwa karibu kabisa na jua, Stockholm iko kwenye theluji. Umbali hauwezi kuwa ndio sababu. Tena wanaiona sababu ya saa zetu za Kiswahili kuanza kuhesabiwa asubuhi: huku karibu na ikweta jua halibadilishi sana muda wake wa kuchomoza.

Pembeni, wakati wa Machi na Septemba, mwanga unagusa ncha zote mbili na balbu inaikabili ikweta. Kigoma iko nyuzi 4 na dakika 53 kusini, kwa hiyo jua linapita utosini kwetu karibu na tarehe 8 Machi na tena karibu na tarehe 5 Oktoba. Kijiti tulichokisimika uwanjani kilikosa kivuli saa 7 na dakika chache mchana, si saa 6.

Saa 7, ndiyo, na hapa ndipo mistari ya longitudo ya tufe hili inapolipa. Imechorwa kila baada ya nyuzi 15, na nyuzi 15 ndizo dunia inazojizungusha kwa saa moja. Saa za Tanzania zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Watoto waufuate mstari huo kwa kidole: haugusi Tanzania kabisa, unapita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko nyuzi 39 na dakika 17, Kigoma nyuzi 29 na dakika 38. Tofauti ya miji hii miwili, ukihesabu dakika 4 za saa kwa kila uzi, inakaribia dakika 39. Waliowahi kufunga Ramadhani huku hawahitaji kuelezwa: adhana ya magharibi ya Dar inasikika redioni wakati jua letu bado liko juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Halafu waulize kuhusu Bujumbura, Burundi, ambayo iko karibu kwenye longitudo ileile ya Kigoma. Watoto wa wafanyabiashara wa Manyovu, mpakani na Burundi, wanajibu haraka kwamba ukivuka mpaka unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Jua ni lilelile; waliochagua longitudo ya kufuata ni serikali.

Kasoro zipo, na mbili zinaudhi. Tufe limeunganishwa kwa vipande viwili na mshono umepita kwenye ikweta. Kipande cha juu kimesogea milimeta 2, yaani karibu kilomita 85, kwa hiyo Ziwa Victoria limekatika na sehemu yake ya kaskazini haikutani na ya kusini. Kwa mwalimu wa Ulaya hilo ni jambo dogo. Kwetu ndipo hasa tunapofundishia, maana mpaka wa Tanzania na Uganda ziwani na hadi Mto Kagera unafuata latitudo ya nyuzi 1 kusini, na ningependa sana kuuonyesha bila kuomba radhi. Ya pili, Sudan imechorwa nchi moja, wakati Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Tulichora mpaka wenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kitako ni chepesi. Nimejaza mchanga kwenye uwazi wake na kuziba kwa gundi, sasa halipinduki. Skrubu ya mkono hulegea, ikaze kila wiki. Maandishi ni ya Kiingereza na Kigoma haijaandikwa.

Pamoja na hayo ningelinunua tena, na kwa darasa la nne hadi la saba sijaona linalolifikia kwa bei hiyo. Ila lifungue palepale dukani kabla hujalipa. Weka kipimapembe kwenye mhimili, kisha zungusha ikweta yote mbele ya macho ukitazama mshono, hasa Afrika Mashariki. Kwenye rafu kulikuwa na maboksi kadhaa ya aina hiihii, na duka halibadilishi bidhaa ikishatoka mlangoni.