XT60 kwenye gari la rimoti: uzoefu wangu hapa Mombasa

Nimeng'oa plagi zote zilizokuja na magari yangu ya rimoti nikaweka XT60 kila mahali: kwenye betri, kwenye ESC (kidhibiti cha mwendo wa mota), kwenye waya wa chaja. Nikiulizwa ni kitu gani kimenipa faida kubwa kuliko pesa niliyotoa, sitaji mota wala matairi. Nataja hicho kiunganishi cha manjano ambacho bei yake haifiki nauli ya tuktuk kutoka Nyali hadi mjini.

Gari ninaloliendesha zaidi ni la kipimo cha 1/10 (sehemu ya kumi ya gari halisi), mota ya brashi, ESC ya Hobbywing QuicRun 1060 na betri ya lipo (lithiamu-polima) ya 2S, yaani ya seli mbili. La pili ni la mota isiyo na brashi, na hilo ndilo linalokula umeme kweli kweli. Yote mawili nayapeleka ufuoni Nyali na Bamburi bahari ikipwa, mchanga ukiwa umebana na watoto wamejaa pembeni.

Plagi nyeupe ya mtindo wa Tamiya, ile yenye kilimi cha plastiki cha kubonyeza, ilitokana na enzi za betri za nikeli na mota za kawaida za brashi. Kwa kazi hiyo inatosha hadi leo. Mtoto anayeendesha gari la mota ya kawaida kwa betri ya nikeli (NiMH) ya volti 7.2 hana haja ya kusumbuka. Mambo yanabadilika ukiweka lipo na mota yenye nguvu, kwa sababu pini zake ni bati jembamba lililokunjwa, na sehemu zinazogusana ni ndogo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua ampea 40 zinazopita pale unapokanyaga mafuta hadi mwisho. Kiungo chenye ukinzani wa miliomu 10 kitameza volti 0.4 na kutoa joto la wati 16. Chuma kidogo cha kulehemu huuzwa kikiwa cha wati 15 au 20, kwa hiyo ni kama umefunga kimoja katikati ya betri na ESC, ndani ya plastiki. Kiungo cha miliomu 1 kwa mkondo ule ule kinatoa wati 1.6 tu. Tena joto linapanda kwa mraba wa mkondo: ampea zikizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Ndiyo maana plagi inayovumilia mota ya kawaida inaweza kuyeyuka siku ile ile unapobadilisha mota.

Kwetu pwani kuna jambo jingine, nalo ni chumvi. Hata ukikaa mbali na maji, upepo wa kusi unaileta mpaka barazani. Pini za bati zinapauka, halafu zinaota ile kutu ya kijani, na ukinzani unapanda polepole bila wewe kujua. Gari linaanza kuchoka mapema, unailaumu betri, unanunua nyingine, na hali ni ile ile. XT60 ina pini za mviringo za milimita 3.5 zilizopakwa dhahabu, na dhahabu haipati kutu. Mpako huo ni mwembamba, kwa hiyo mchanga ukiingia na ukaendelea kuchomeka na kuchomoa, utakwanguka. Mimi hupuliza vizuri kabla ya kuchomeka, basi. Toleo la XT60H linakuja na kifuniko cha nyuma kinachofunika sehemu uliyolehemu, na kwa mtu wa ufuoni ningesema asinunue lingine.

Nimetumia pia Deans, ile yenye umbo la herufi T. Inapitisha umeme vizuri sana na ni ndogo, lakini haina mahali pa kushika. Vidole vikiwa na jasho na mchanga, unajikuta unavuta waya. EC3 ni nzuri, nayo ina pini za milimita 3.5, na IC3 ya Spektrum inaingiliana nayo, kwa hiyo aliye na vifaa vya aina hiyo abaki nayo. Traxxas, kampuni ya magari ya rimoti, wana plagi yao wenyewe, imara, ila ukiingia huko betri na chaja zako zote zitafuata njia hiyo, na hapa Mombasa kuzipata mkononi ni kazi. Kilichoniamulia mimi ni upatikanaji. XT60 inatumika kwenye droni na kwenye baiskeli za umeme, kwa hiyo mtu anayeuza vipuri vya elektroniki Nairobi huwa nayo, na kifurushi kinashuka na basi la usiku.

Upatikanaji huo una ubaya wake. Duka moja la mtandaoni liliniuzia pakiti ya XT60 za bei ya chini, na picha ilikuwa ya zile halisi za Amass, mtengenezaji wake. Zilizofika, plastiki yake ililainika mara tu chuma kilipogusa pini. Pini ililala upande, na kiunganishi hakikuingia tena kwa mwenzake. Niliyofanikiwa kuilehemu ilikuwa legelege: ukiishika na kuitikisa, unasikia pini ikicheza. Nilipoandika kulalamika sikujibiwa. Sasa naangalia mambo haya kabla ya kulipa: maandishi ya AMASS yaliyochongoka kwenye plastiki yawe safi, alama za + na − zisomeke vizuri, na nikizichomeka mbili pamoja nisikie mbano ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho. Jina peke yake halitoshi, kwa sababu wanaoiga wanachonga na jina. Kuchomeka ndiko kunakosema kweli.

Halafu kulehemu. Hapa ndipo kiunganishi kizuri huharibiwa. Nilimpelekea fundi wa simu mjini, mtu hodari kwa kazi yake, akautazama ule waya akanirudishia. "Kaka, chuma changu hiki ni cha simu. Waya huu utakinywea joto lote." Alisema kweli. Waya wa geji 12 (geji ni unene wa waya, namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi) unahitaji chuma cha wati 60 au zaidi chenye ncha pana, maana ncha nyembamba inapoa ikigusa tu, na wewe unabaki umeshikilia mpaka plastiki inaanza kunuka. Mimi huchomeka kwanza kiunganishi cha pili upande wa mbele. Kinazishika pini zisilale na kinafyonza joto la ziada. Kisha najaza kikombe cha pini risasi kidogo yenye fluksi (dawa ya kulehemia), nautia waya risasi mpaka nyuzi zote zing'ae, halafu navikutanisha. Ukifanya haraka kwa joto la kutosha, risasi inazama ndani na kutulia ikiwa laini yenye kung'aa. Ikiwa na vidonge vidonge na rangi ya kijivu, rudia.

Kwa betri kuna sharti ambalo silegezi hata kidogo: kata waya mmoja, ulehemu, uufunike, ndipo ukate wa pili. Usikate zote mbili kwa mpigo mmoja wa koleo, kwani koleo lenyewe litaziunganisha nguzo mbili za lipo na cheche zake si mchezo. Na upande wa betri uwe ule wenye matundu, pini zikiwa zimejificha, ili betri ikianguka kwenye sanduku la spana isiguswe na chuma.

Waya pia una sehemu yake. Nimeona magari yaliyofungwa waya wa umeme wa nyumba kwa kuwa ndio uliokuwa dukani. Shaba ipo ya kutosha, lakini waya huo ni mgumu, na mtikisiko wa gari unamalizikia kwenye kiungo mpaka kinakatika. Ngozi yake ya PVC nayo inasinyaa ukilehemu. Waya wa silikoni una nyuzi nyembamba nyingi, unapinda upendavyo na unavumilia joto. Geji 14 inatosha gari la brashi, geji 12 kwa lisilo na brashi.

Kuhusu ESC yenyewe, 1060 imenitumikia vizuri. Ni ya ampea 60, inakubali lipo ya 2S hadi 3S, na inavumilia maji. Kinachonipendeza zaidi ni vile vibano viwili vidogo vya kuchagua: kimoja cha aina ya betri, kingine cha kuamua kama gari litarudi nyuma au la. Hakuna kuhesabu milio wala kununua kadi ya kupanga. Kabla ya kila betri mpya hakikisha kile cha betri kiko kwenye lipo. Kikiwa kwenye NiMH, ESC haitajua pa kusimama, na seli ya lipo ikishuka chini ya volti 3 inaharibika, wakati mwingine inavimba. Kuhusu maji, kuvumilia maji si kuvumilia chumvi. Nikirudi ufuoni naisuuza kwa maji baridi ya bomba, nakausha, na hasa naangalia plagi ya mota na swichi, kwa sababu huko ndiko shaba iko wazi.

Gari la pili lina feni juu ya ESC. Wakati wa kaskazi, jua la saa nane, feni hiyo inahitajika, lakini inavuta mchanga. Nimeivalisha kipande cha soksi ya nailoni, na inafanya kazi.

Betri nyingi za wenzangu zinaletwa na jamaa kutoka Dubai. Kama ni hivyo, mwambieni anayesafiri azibebe mkononi, si kwenye begi la kupakiwa, na plagi azifunge kwa utepe. Lipo ya 2S ya mAh 5000 ni wati-saa 37, chini kabisa ya kiwango cha 100 ambacho mashirika ya ndege hukubali kwa kawaida. Ikishafika, usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kama huiendeshi wiki hiyo, iache kwenye volti 3.8 kwa seli badala ya kuijaza.

Kasoro za XT60 zipo. Ikiwa mpya inabana sana, na mpwa wangu wa darasa la nne hawezi kuichomoa, inabidi aniite. Jina lina 60, lakini mtengenezaji anatoa ampea 30 za mfululizo na 60 za muda mfupi tu. Kwa gari la 1/10 la 2S linalokanyagwa na kuachiliwa, hiyo inatosha. Kipimo changu ni kidole: betri ikiisha nashika kiunganishi, kikiwa vuguvugu sawa, kikichoma kuna kiungo kibovu na nakifungua kabla ya kuendesha tena.

Kwa magari makubwa ya 4S sitaipendekeza. Huko pini za milimita 4.5 za XT90 ndizo stahili, na toleo la XT90-S lina kikinza kidogo ndani kinachozuia ile cheche ya kuchomeka, cheche ambayo kwa volti hizo huila pini kidogo kidogo kila siku. Nimeagiza la 1/8, na plagi zake zilishafika kabla yake.