Ripoti ya Marti na Matangazo ya Mustang Zilizogeuzwa: Tathmini Kutoka Nakuru

Mtu anayetaka kununua Ford Mustang ya miaka ya 1960 iliyogeuzwa, yaani iliyobadilishwa vipande vyake baada ya kutoka kiwandani, huku akiwa hana kitu mbele yake ila tangazo la mtandaoni, atapata faida kubwa kwa kuagiza Ripoti ya Marti, yaani maelezo ya gari lilivyotoka kiwandani, kabla ya kulipa amana. Nasema hivyo baada ya kuitumia kwa niaba ya mpwa wangu aishiye Ohio, ambaye alinitumia tangazo la gari kama hilo hapa Nakuru na kuniomba nilisome pamoja naye kwa makini. Tathmini hii inahusu ripoti yenyewe: inachokisema, inachokinyamazia, na namna ya kuitumia ili kubaini pale ambapo maneno ya muuzaji, picha zake na nambari za gari havikubaliani.

Ripoti hiyo hutolewa na Marti Auto Works, kampuni ya jimbo la Arizona ambayo kwa leseni ya Ford inahifadhi kumbukumbu za uzalishaji za magari ya Ford, Lincoln na Mercury kuanzia modeli za 1967. Umuhimu wake unatokana na jambo ambalo wanunuzi wengi wa siku hizi hawalifahamu, kwamba nambari ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 ilianza kuwa ya lazima Marekani katika modeli za 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake, na huduma maarufu za historia ya magari, kama Carfax, huanzia hapo 1981. Kwa hiyo mnunuzi wa gari la 1969 akiiandika nambari yake huko hapati kitu, na kutopata kitu si ushahidi wa usafi wala wa ubaya. Kwa Ripoti ya Marti unatoa nambari ya chesisi, unalipia kwa kadi, na unapata maelezo ya gari lilivyotoka kiwandani: injini, giaboksi, uwiano wa difu, rangi, upholstari na vifaa vilivyoagizwa. Kuna viwango kadhaa vya ripoti. Mimi napendekeza Deluxe, kwa sababu huongeza tarehe za uzalishaji, na tarehe ni kitu ambacho muuzaji mwenye maneno mengi hawezi kukikwepa kwa urahisi.

Tangazo tulilokuwa nalo lilidai mengi kwa aya chache. Lilisema gari ni Mustang Mach 1 (toleo la michezo) ya 1969, rangi yake ya kiwandani ni nyekundu ya Candyapple, injini ni ile ile ya inchi za ujazo 428, Cobra Jet, lililozaliwa nayo ingawa imeongezewa nguvu, giaboksi ya kiwandani imebadilishwa kwa Tremec ya mkono ya gia tano, difu ni ya inchi 9, breki ni za diski kwenye magurudumu yote manne, na kwamba limetembea maili 46,000 tu tangu liundwe. Picha zilikuwa nyingi na nzuri. Mojawapo ilionyesha nambari ya chesisi kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva, ambako ndiko inakokaa kwenye Mustang za 1969. Kwenye zile za 1968 ilikaa upande wa abiria.

Nambari hiyo ilianza na 9T02M, na hizo herufi na tarakimu 5 peke yake zilitosha kuutia tangazo shaka kabla hata ripoti haijafika. 9 ni mwaka wa modeli, 1969. T ni kiwanda cha Metuchen, New Jersey. 02 ni bodi yenye paa la mteremko, ambalo Mach 1 zote za mwaka huo zinalo, lakini pia Mustang za kawaida zenye paa hilo. M ndiyo injini, na hapo ndipo hadithi ilipoanza kupinda, kwa maana M ni inchi za ujazo 351 yenye kabureta ya midomo minne, ilhali gari lililozaliwa na 428 Cobra Jet mwaka huo lilipewa Q au R. Tofauti hii si ndogo. Ford yenyewe iliitangaza 351 hiyo kuwa na nguvu za farasi 290 na 428 Cobra Jet kuwa na 335, na katika soko la leo pengo la bei kati ya magari hayo mawili ni kubwa mno kuliko pengo hilo la nguvu.

Ripoti ilipokuja ilimaliza yaliyosalia. Msimbo wa bodi ulikuwa 63A, yaani gari la kawaida lenye paa la mteremko. Mach 1 ni 63C. Giaboksi ya kiwandani ilikuwa otomatiki ya FMX. Rangi ilikuwa M, Wimbledon White, wala si Candyapple, ambayo msimbo wake mwaka huo ni T. Hivyo mistari ya ubavuni, boneti na maandishi ya Mach 1 yote yaliongezwa baadaye na mtu fulani. Kuyaongeza si kosa, na mimi mwenyewe naipenda kazi hiyo ikifanywa vizuri. Kosa ni kuiuza kazi ya karakana kwa bei ya kazi ya kiwanda.

Ripoti, hata hivyo, hunyamaza pale gari linapotoka kiwandani, na tangazo la gari lililogeuzwa huzungumzia zaidi yaliyotokea baada ya hapo. Sehemu hiyo sharti isomwe kwenye picha. Nilizipeleka kwa makanika ninayemwamini katika eneo la viwanda hapa Nakuru, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni matatu na pikapu za shambani, nikamweleza tu vitu vya kutafuta. Cha kwanza ni kava za tapeti. Kava ya 351 ya aina ya Windsor, ambayo ndiyo 351 pekee iliyowekwa kwenye Mustang za 1969, hufungwa kwa bolti 6. Ya 351 Cleveland, iliyokuja na modeli za 1970, kwa bolti 8. Na ya 428, ambayo ni ya ukoo wa injini za FE, kwa bolti 5. Zaidi ya hayo, kwenye injini za FE manifoldi ya kuingiza hewa huenea hadi chini ya kava za tapeti, kiasi kwamba kava hukalia sehemu ya manifoldi yenyewe, jambo ambalo ukishaliona mara moja hulisahau kamwe. Kwenye picha yetu zilihesabika bolti 6, na kava zilikuwa zimekaa juu ya silinda hedi peke yake. Kwa hiyo gari halikuzaliwa na 428 na wala halikuwa na 428 siku lilipopigwa picha.

Makanika huyo ndiye aliyeona la giaboksi. “Mzee, hapa hakuna klachi,” aliniambia, akiwa ameikuza picha ya sakafu ya upande wa dereva, ambapo kulikuwa na pedali pana ya breki ya gari la otomatiki na nafasi tupu kushoto kwake. Picha nyingine ilionyesha kweli mkono wa gia wenye alama za gia tano, lakini nyuzi za viti katika picha hiyo zilikuwa nyeupe na katika ile ya kwanza nyeusi. Hizo zilikuwa picha za magari mawili. Sioni maelezo mengine.

Difu nayo ilipigwa picha kutoka nyuma, ikiwa na kifuniko kilichofungwa kwa bolti kuzunguka ukingo. Difu ya Ford ya inchi 9 haina kifuniko cha nyuma. Sehemu yake ya ndani hutolewa kwa mbele, na nyuma yake ni chuma kitupu cha mviringo. Iliyokuwa pale yaelekea ni ya inchi 8.8 kutoka Ford za miaka ya baadaye, nayo ni difu imara ambayo mafundi wengi wa Marekani huitumia kwa hiari, ndiyo maana ilinishangaza kwamba muuzaji hakuitaja kwa jina lake. Breki za nyuma zilikuwa dramu, zilizoonekana wazi katikati ya spoki za rimu. Na maili 46,000 zilisomwa kwenye mita ya tarakimu tano, ambayo baada ya 99,999 hurudi kwenye sufuri. Mita kama hiyo haiwezi kutofautisha 46,000 na 146,000, na bila stakabadhi za huduma za miaka hiyo dai la maili chache halina msingi.

Muuzaji alijibu maswali ya mpwa wangu kwa hoja ambayo nimeisikia kwa wauzaji wengine wengi, kwamba gari likishageuzwa nambari hazina maana tena. Naipinga hoja hii kwa nguvu zote. Gari ambalo halijaguswa hujieleza lenyewe, kwa kuwa kila kipande kinathibitishana na kingine. Gari lililogeuzwa lina vipande vya asili tofauti, na njia pekee ya kujua kilichobadilishwa, kilichowekwa mahali pake na sababu yake ni kuwa na picha kamili ya mwanzo wake. Aliyeligeuza gari kwa uaminifu hupenda kuonyesha mwanzo huo, kwa sababu ndio unaodhihirisha kazi yake. Ana risiti za giaboksi, ana picha za bodi ikiwa wazi, na injini ikitajwa kuwa na nguvu za farasi 500 ana karatasi ya kipimo chenye tarehe. Asiye na hata kimoja kati ya hivyo anauza rangi na sauti ya ekzosi.

Kwa kipimo cha nyota tano, ripoti hii naipa nne. Nyota iliyokosekana ni kwa mipaka yake: Mustang za mwanzo kabisa, za kabla ya modeli za 1967, hazimo, na haithibitishi kwamba chuma kilichopo leo ndicho kilichotoka kiwandani. Kibati cha mlangoni chenye nambari za gari kinaweza kutengenezwa upya, kwa hiyo omba picha ya nambari iliyogongwa kwenye chuma cha ndani ya mabawa ya mbele, ambayo ni taabu zaidi kuighushi. Omba pia picha ya nambari ya kusubu kwenye bloku ya injini. Ford waliziandika kwa herufi ya muongo ikifuatwa na tarakimu ya mwaka, C ikiwa miaka ya 1960 na D miaka ya 1970, hivyo bloku inayoanza na D4 iliundiwa modeli za 1974 na haiwezi kuwa injini ya kuzaliwa ya gari la 1969.

Wanaotafuta magari ya kampuni nyingine wana hali tofauti. Pontiac wana huduma inayofanana na hii, PHS (Pontiac Historic Services), inayotoa nakala za ankara za kiwandani. Chevrolet ni wagumu zaidi: nambari ya Camaro ya 1969 inaanza na 124 kwa V8 na 123 kwa silinda sita, lakini haisemi kama gari ni SS, toleo la michezo, na hapo mnunuzi hutegemea makaratasi ya zamani na ujuzi wa kuangalia. Yapo madai yanayojivunja yenyewe, kama Camaro ya toleo la Z/28 ya 1969 inayosemekana kuwa otomatiki tangu kiwandani, kwa sababu Z/28 za mwaka huo ziliuzwa na gia nne za mkono peke yake.

Msomaji wa Nakuru anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi, maana sheria zetu haziruhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na usukani sharti uwe upande wa kulia. Yanamhusu kwa sababu matangazo ya Datsun 160J, Peugeot 504 na Ford Escort zilizogeuzwa huandikwa kwa mtindo ule ule, hasa msimu wa Safari Rally unapokaribia Naivasha. Shekhar Mehta alishinda mbio hizo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun, na tangu hapo kila Datsun yenye taa nne za ziada hudaiwa kuwa na damu ya Safari. Sisi hatuna Ripoti ya Marti, ila tuna upekuzi wa gari wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na tuna kitabu cha gari chenye nambari za chesisi na injini. Vilinganishe na chuma. Tazama pia kibao cha usajili: vya zamani huishia kwa tarakimu, vya sasa kwa herufi, na gari linalodaiwa kuwa katika familia moja ya Njoro tangu 1976 huku likiwa na kibao kinachoishia kwa herufi linadai maelezo. Injini ikiwa imebadilishwa na kitabu hakijabadilishwa, gharama na usumbufu wa kulinganisha viwili hivyo utakuwa wako wewe uliyenunua.

Mpwa wangu alitoa bei ya Mustang 63A yenye injini ya 351 na giaboksi ya otomatiki, akaambatanisha ripoti. Muuzaji aliikataa. Siku chache baadaye neno Mach 1 liliondolewa kwenye kichwa cha tangazo, lakini 428 ilibaki pale pale, na bei haikupungua.