Uzoefu wangu na CHEK, televisheni ya Victoria inayomilikiwa na wafanyakazi wake

Naishi Victoria, magharibi ya mbali ya Kanada, kwenye Kisiwa cha Vancouver. Jiji la Vancouver lenyewe haliko kisiwani, liko bara, na kutoka huku unafika kwa kivuko cha saa moja na nusu hivi. Kivuko hicho ndicho kilichonifanya niwe mtazamaji wa CHEK. Upepo ukichafuka Swartz Bay, bandari ya vivuko, na safari zikafutwa, vituo vikubwa vya bara hulipitia jambo hilo juu juu. CHEK wanaanza nalo: safari ipi haipo, foleni ya magari imefika wapi, Malahat inapitika au haipitiki. Malahat ni kipande cha Barabara Kuu namba 1 kinachopanda mlimani ukitoka Victoria kwenda Nanaimo. Mvua kubwa za Novemba 2021 ziliiharibu, na hapo ndipo kila mtu alipokumbuka kwamba njia nyingine ya maana hatuna.

Kituo hiki si cha jana. Kilianza kurusha matangazo tarehe 1 Desemba 1956, kikibeba vipindi vya CBC, shirika la utangazaji la umma. Mwaka 1981 kikahamia CTV, mtandao wa vituo vya televisheni. Kufika 2001 kilikuwa mikononi mwa kampuni ya Canwest, wakakibatiza CH, na mwaka 2007 wakakigeuza kuwa E!, wakakijaza habari za mastaa wa Hollywood. Mvuvi wa Port Hardy, kaskazini mwa kisiwa, ana haja gani ya kujua nani kaachana na nani Los Angeles?

Halafu ukaja 2009. Canwest ilikuwa imelemewa na madeni, ikatangaza kwamba kituo kitafungwa mwisho wa Agosti. Wafanyakazi wakakataa. Wakachangishana fedha zao wenyewe, wawekezaji wa hapa kisiwani wakaongezea, na mwanzoni mwa Septemba wakakinunua kwa dola 2. Umesoma vizuri, mbili. Ila pamoja na hizo dola mbili walijitwika mishahara, umeme, mitambo na hatari yote ya kuendesha kituo ambacho mwenyewe alishasema hakilipi, kwa hiyo mtaji walioutafuta ulikuwa wa mamilioni. Kituo ndugu cha Red Deer, kule jimbo la Alberta, hakikupata mtu wa kukiokoa, kikazimwa. Na kioja chenyewe ni hiki: Oktoba mwaka uleule Canwest nayo ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Aliyeuza hayupo tena, waliouziwa bado wako hewani.

Umiliki huu ninauona kwenye kioo, si kwenye vitabu vya historia tu. Taarifa inaweza kufunguka na mgogoro wa ukataji miti ya kale, ikaenda kwenye bei za nyumba za kupanga, ikamalizikia kwa kikongwe anayefuma kofia za watoto wachanga wa hospitalini. Kwenye ramani ya hali ya hewa wanaanza Port Hardy kaskazini, wanateremka Campbell River, wanakata magharibi hadi Tofino inakonyesha karibu kila siku, ndipo wanakuja kwetu. Hakuna mji uliorukwa. Watangazaji wanatamka majina ya mataifa ya wenyeji asilia, kama Songhees na Cowichan, bila kujikwaa, jambo ambalo mgeni kama mimi nimelifaidi sana.

Fedha zinatoka wapi? Matangazo ya biashara, mengi ya hapahapa: wauza magari, magodoro, mafundi wa paa. Pia tangu 2017 upo mfuko wa kusaidia habari za vituo huru kama hiki, unaochangiwa na kampuni za kebo na setilaiti. Sioni kama ni sadaka. Kampuni hizo zinavuna kwa kuuza chaneli, basi na zitoe kidogo.

Kukipata hakuhitaji kulipia kebo. Mnara uko Saturna, kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Victoria. Antena yangu ni ile bapa ya kubandika kwenye kioo cha dirisha. Niliigeuza upande huo, nikatafuta chaneli 6, picha ikaja safi kabisa. Anayekaa nyuma ya kilima, ambako mawimbi ni shida, apakue CHEK+, programu yao ya kutazamia kwenye intaneti, haina malipo.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu habari za dunia ni kiduchu. Uchaguzi wa Kenya au vita vya Goma usivitafute hapa, kwa hayo nina redio za Kiswahili kwenye simu. Taarifa kuu ziko saa 11 jioni, saa 12 na saa 4 usiku. Kama una muda wa moja tu, chukua ya saa 12, na kama kesho una kivuko cha alfajiri, iangalie na ya saa 4.