Mchele wa mapembe au muhogo, kipi kinamuokoa mtu mwisho wa mwezi?

Mie nshachoka na hii hesabu ya kila siku jamani, kwa hiyo leo naweka mapembe huku na muhogo huku tuangalie.

Mapembe raha yake unapika ukishiba umeshiba, yanakaa ndani miezi, na watoto hawanuni. Lakini mchele wenyewe unakuja na meli kutoka Asia, sie hatuna sauti, mnakumbuka Julai 2023 India ilipozuia kusafirisha mchele mweupe usio basmati? Wakafungulia tena Septemba 2024, na huku nyuma kila mnunuzi duniani anagombania wa Thailand, Pakistan na Vietnam, sasa wewe wa Mwanakwerekwe hapa Unguja unaambiwa bei imepanda, utamlaumu mwenye duka? Dola ikipanda nayo ni vivyo hivyo, nauli ya meli ndo usiseme.

Muhogo haujui dola. Unachomeka kijiti tu, ukikosa mvua kidogo unavumilia, na ukiwa tayari unauacha ardhini unachimba wa leo tu, majani nayo kisamvu. Ubaya wake ukishachimbwa siku mbili tatu unaanza kuoza, ndo maana wa mjini anaupata ghali kuliko wa shamba, na batobato, ule ugonjwa wa muhogo, likiingia konde basi tena. Halafu muhogo mtupu hauliki bwana, utataka nazi na papa, na nazi yenyewe siku hizi bei yake mmh.

Kwangu asubuhi muhogo, mchana mapembe nusu ya zamani.