Stiki mbili za GB 32, si nne za GB 16: RAM za Kingston Fury Beast kwenye mashine yangu ya kurenda

Kazi yangu ni kutengeneza kwa kompyuta picha za majengo ambayo bado hayajajengwa, ndiko tunakoita kurenda. Mteja ananiletea ramani, namrudishia sebule yenye jua la saa kumi jioni na bustani nje ya dirisha. Bustani ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 32, na kila nilipofungua nyumba moja ya Mbweni, Dar es Salaam, yenye nyasi na miti, Windows ilianza kuhamishia mzigo kwenye diski, kishale kikaganda, kisha Blender, programu ninayorendea, ikajifunga. Watu wengi hawajui kwamba tekscha moja (picha inayovalishwa juu ya ukuta au nyasi) ya pikseli 8192 kwa 8192, hata kama faili lake ni dogo, ikishafunguliwa inachukua takribani MB 256. Weka 40 za aina hiyo, umeshamaliza GB 10 kabla hujapanda mti hata mmoja.

Basi nikaunda mashine mpya: prosesa Ryzen 9 7950X, kadi ya picha RTX 4070 Ti SUPER yenye GB 16, na ubao mama wa AM5 (soketi ya prosesa za AMD) wenye sloti nne za DDR5, yaani RAM ya kizazi cha tano. Kila kitu nilikichagua kwa utulivu isipokuwa RAM, na hapo ndipo pesa yangu ilipopotea.

Duka la kwanza lilikuwa Kariakoo. Kijana wa kaunta aliniambia, "Dada, chukua nne za 16. Sitini na nne ni sitini na nne." Akanipa pakiti mbili za kampuni mbili tofauti, zote zimeandikwa 5600, yaani kasi yake. Nikakubali. Nyumbani mashine iliwaka, lakini kwa kasi ya 3600. Nilipojaribu kuipandisha kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama) haikuwaka kabisa, mpaka nikafuta mipangilio yote nianze upya.

Baadaye nilisoma maelezo ya AMD wenyewe, watengenezaji wa prosesa yangu. Prosesa hiyo ukiiwekea stiki mbili, kasi rasmi ni 5200. Ukijaza sloti zote nne, kasi rasmi inashuka hadi 3600. Kwa hiyo zile stiki hazikuwa mbovu. Muuzaji alikuwa na wajibu wa kuniuliza naziweka kwenye nini, na hakuuliza. Niliporudi alinijibu kwamba RAM ni RAM, akazipokea kwa bei ya chini kuliko aliyoniuzia. Hilo bado linaniuma, kwa sababu kuna vijana wengi wa kazi hii wanaojichanga miezi kadhaa kupata kifaa kimoja.

Mara ya pili niliingia dukani nikiwa na namba kwenye karatasi: KF556C36BBEK2-64. Hiyo ni Kingston Fury Beast, stiki mbili za GB 32 zilizofungwa pakiti moja, kasi 5600, CL36 (CL ni mizunguko ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu). Zilikuwepo za 6000 zenye CL30, ghali zaidi. Ukipiga hesabu, 5600 kwa CL36 ni kama nanosekunde 12.9 za kusubiri, na 6000 kwa CL30 ni 10. Kwa mcheza gemu pengine hilo lina maana. Kwa anayerenda, naona pesa iende kwenye GB.

Kuzifunga hakukuchukua dakika kumi. Nilizima, nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, nikashika chuma cha kesi. Sloti zinazotakiwa ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, zimeandikwa A2 na B2. Stiki ina pengo dogo chini ambalo halipo katikati kabisa, na stiki ukiigeuza haiingii. Ubao wangu una klipu upande mmoja tu, kwa hiyo upande wa pili unasukuma kwa kidole gumba mpaka usikie "tak". Bila huo mlio, bado haijaingia.

Kipooza changu cha prosesa ni Noctua NH-D15. Feni yake ya mbele inaacha nafasi ya milimita 32 kwa RAM, na Fury Beast ina urefu wa milimita 34.9. Nililegeza waya zinazoishika feni, nikaipandisha kidogo, na mlango wa kesi ukafungika vizuri. Wenye kesi nyembamba wapime kwanza.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kunataka moyo. Skrini nyeusi, feni zinazunguka, taa ndogo ya DRAM inawaka kwenye ubao. Mashine inajifunza RAM mpya, na DDR5 huchukua muda. Kwangu zilipita karibu dakika nne. Usizime. Nilikuwa nimeiunganisha kwenye UPS (betri ya dharura umeme ukikatika) kwa sababu ya dakika hizo tu.

Ikishawaka, inakuwa kwenye 4800. Lazima uingie BIOS uwashe EXPO, mpangilio wa AMD unaoipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye pakiti, ndipo ufike 5600, na nimeona mashine za wenzangu zimekaa mwaka mzima bila mtu kugusa hapo. Kisha niliiacha na MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, mizunguko minne. Asubuhi, kosa sifuri.

Nyumba ya Mbweni sasa inafunguka yote, na Task Manager inaonyesha GB 47 zinatumika. Picha ndogo, ambayo hata zamani ilienea kwenye GB 32, ilikuwa inachukua dakika sita na bado inachukua dakika sita. Aliyekuambia RAM kubwa itaharakisha kila renda hakukwambia kweli. Ninachokipata ni kwamba kazi kubwa inaisha, na naweza kufungua Photoshop pembeni bila kuzima Blender.

Stiki hizi hazina taa za rangi, na kwangu hilo ni jema. Dhamana ni ya maisha ya bidhaa, hivyo tunza risiti. Nilinunua mapema 2025. Mwishoni mwa mwaka huo bei za RAM zilipanda sana kwa sababu ya vituo vya data vya akili mnemba, na Desemba Micron, watengenezaji wa RAM, wakatangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya wateja wa kawaida. Kununua mara mbili kama nilivyofanya mimi, sasa kutakuumiza zaidi.

Ukifika kaunta, soma namba iliyo kwenye pakiti kabla ya kutoa pesa. Ile E iliyo baada ya BB ndiyo EXPO. Ikikosekana, mwombe muuzaji akatafute nyingine stoo.